Usalama wa gari la familia la 4x4 (Kasongo na Kabambare)

Usalama wa gari la familia la 4x4 katika wilaya za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unahusu vifaa vinavyozuia ajali au kupunguza madhara yake kwenye barabara za udongo zisizo na mistari wala taa. Gari hilo, ambalo Wakongo wengi huliita jeep, huwa refu kwa kimo, na magurudumu yake yote manne yanaweza kuendeshwa na injini. Hubeba wazazi, watoto na mizigo, na mara nyingi humfikisha hospitali mgonjwa wa jirani. Kwa hiyo kifaa chake hupimwa kwa maswali mawili: je, kinafanya kazi katika mazingira haya, na je, fundi wa hapa anaweza kukikagua?

Mazingira ya barabara

Kasongo, mji wa pili wa Maniema baada ya Kindu, uko karibu na ukingo wa mashariki wa mto Lualaba. Kabambare iko zaidi ya kilomita 100 upande wa mashariki, katika bonde la mto Luama, unaomwaga maji yake Lualaba. Mvua hunyesha kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei. Kiangazi ni Juni hadi Agosti. Wakati wa masika udongo mwekundu huteleza na magurudumu ya malori huuchimba mashimo marefu. Wakati wa kiangazi vumbi humficha anayekuja mbele. Njia ni moja kwa wote: watembea kwa miguu, wanaosukuma baiskeli zenye magunia, pikipiki, mbuzi na malori.

Magari yanayotumika

Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kuuzwa 1984, ndiyo inayojulikana zaidi katika huduma za afya na mashirika ya misaada. Matoleo mengi yana injini ya mazutu aina ya 1HZ, ya lita 4.2, isiyotegemea kompyuta nyingi. Familia na wafanyabiashara hununua pia Prado, RAV4 au Nissan X-Trail zilizotumika Japani. Magari hayo huteremshwa katika bandari kama Dar es Salaam au Mombasa kabla ya kuingia mashariki mwa Kongo.

Umbo la gari peke yake halitoshi kulifanya la familia. Katika Land Cruiser 78 nyingi, toleo refu la mfululizo huo wa 70, viti vya nyuma ni mabenchi mawili yanayotazamana. Anayekaa ubavu hivyo hakingwi vema gari likigonga kwa mbele, na mtoto hapaswi kusafirishwa hapo ikiwa kuna kiti kinachotazama mbele chenye mkanda.

Mikanda na viti vya watoto

Mkanda wa pointi tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo ya waliomo garini hadi nusu. Hauhitaji umeme wala mtandao, na ukaguzi wake ni mwepesi: uvute kwa ghafla uone kama unakaza, tazama kama uzi umechanika, sikiliza kama kifungo kinashika.

Mikono ya mzazi haiwezi kuchukua nafasi ya mkanda. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu inayofanana na uzito wa kilo 200; hakuna mama wala baba awezaye kumshika. Kiti cha mtoto hufungwa kwa mkanda wa gari au kwa ndoano za mfumo wa ISOFIX, uliowekewa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Mifuko ya hewa ya Takata

Mfuko wa hewa hukamilisha kazi ya mkanda, lakini mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ina hatari inayouhusu sana ukanda huu. Kemikali ya kuijaza, amonia naitreti, huharibika baada ya miaka mingi ya joto na unyevu. Hapo mfuko ukifumuka, chuma cha kijazio chake kinaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva au abiria. Mamilioni ya magari duniani yaliitwa kurekebishwa, na Takata iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2017. Miongoni mwa yaliyoitwa ni baadhi ya RAV4, X-Trail na Honda CR-V za miaka ya mwanzo ya 2000. Hali ya hewa ya Maniema ni ya joto na unyevu, hivyo mnunuzi aangalie namba ya shasi kwenye orodha za mtengenezaji kabla ya kulipa. Mfuko wa hewa haufunguliwi katika garaji ya mtaani.

Breki na uthabiti

Breki za ABS, zilizoingia sokoni 1978 kwa ushirikiano wa Bosch na Mercedes-Benz, huzuia magurudumu yasigande ili dereva aendelee kuongoza gari. Kwenye changarawe au mchanga, ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu gurudumu lililoganda hujilimbikizia udongo mbele yake. Kinga ya kweli hapo ni mwendo mdogo: mwendo ukizidishwa mara mbili, nishati ya mgongano huwa mara nne.

Mfumo wa kielektroniki wa uthabiti ulianza 1995 na ukawa lazima kwa magari madogo mapya Marekani kufikia 2012. Hufunga breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuserereka, na faida yake ni kubwa hasa kwa magari marefu kwa kimo. Uthabiti wa gari dhidi ya kupinduka hukadiriwa kwa kugawa nusu ya upana kati ya magurudumu kwa kimo cha kitovu cha uzito. Gari dogo la kawaida hupata kati ya 1.3 na 1.5, jeep nyingi hupata kati ya 1.0 na 1.3. Kila gunia linalofungwa juu ya keria hupunguza namba hiyo. Mizigo mizito iwekwe ndani, chini, na ifungwe.

Kwenye mteremko, gia nzito ya 4x4 huacha injini ishike mwendo na kuzuia breki zisichemke. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakichemka kanyagio hulegea. Katika hali ya hewa hii yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

Usukani na taa

Kongo huendesha upande wa kulia, lakini gari la Japani limeundwa kwa upande wa kushoto. Dereva aliyekaa kulia haoni vizuri anapotaka kulipita lori. Hatari isiyosemwa sana ni taa: mwanga wa chini wa taa za Japani hupanda upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa njia. Kongo, kushoto ndiko anakotoka anayekuja, na macho ya mwendesha pikipiki hupofushwa. Dawa ni kuweka taa zilizoundwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia; kuziinamisha kidogo hupunguza tu tatizo.

Vihisi na kamera

Kifaa cha kulibakisha gari ndani ya mistari ya barabara hakina kazi pasipo na mistari. Breki za dharura za kujiendesha hutegemea kamera na rada, ambazo tope na vumbi huzifunika. Mfumo wa kupiga simu ya msaada, uliolazimishwa Ulaya kwa aina mpya za magari tangu 2018, huhitaji mtandao wa simu na kituo cha kupokea wito. Kamera ya kurudi nyuma ni tofauti: haihitaji mstari wala mtandao, na humwonyesha mtoto aliyesimama nyuma ya gari uani. Hiyo inastahili kutunzwa.

Maji, mafuta na tairi

Land Cruiser imeundwa kuvuka maji ya kina cha takriban sentimita 70, lakini kina peke yake hakimlindi mtu dhidi ya mkondo. Bomba la hewa lililoinuliwa huokoa injini, haliokoi gari linalosukumwa na mto. Abiria hushuka kabla ya daraja la magogo lenye shaka na kulivuka kwa miguu; mto ukiwa umejaa, hungoja upungue.

Esansi na mazutu huuzwa mara nyingi kwa chupa na madumu. Maji na uchafu ndani yake huweza kuzima injini katikati ya mlima, na usukani na breki huwa vizito papo hapo. Kuchuja mafuta na kumwaga maji ya kichujio ni matendo ya usalama. Tairi nayo huzeeka hata ikiwa na meno: tarakimu nne ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Sheria na vipaumbele

Kanuni za barabarani za Kongo zimo katika sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Bima ya gari ni lazima. Ukiritimba wa kampuni ya serikali SONAS ulikomeshwa na sheria ya 2015. Hakuna hati, hata hivyo, inayoweza kumrudisha mtu aliyekufa kwa kukosa mkanda. Familia yenye fedha kidogo ianze na mikanda katika kila kiti, kisha breki, tairi, taa na kupunguza mzigo wa juu. Skrini na vihisi vifuate baadaye.