Posho: Kutoka Kibaba cha Mpagazi hadi Bahasha ya Semina

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye semina ya siku tano mjini Dodoma. Ndani ya bahasha niliyokabidhiwa mlikuwa na nauli, fedha ya malazi na fedha ya chakula. Sikulala hotelini hata usiku mmoja. Nilifikia kwa binamu yangu, nikampelekea kilo mbili za sukari na mche wa sabuni, nikalala sebuleni pamoja na wanawe, na kila asubuhi nikanywa chai kwa mihogo kabla ya kupanda daladala. Niliporejea nyumbani nilikuwa na fedha ya kutosha kununua mabati ya vyumba viwili vilivyokuwa vimekaa wazi tangu masika. Mke wangu alifurahi. Nami nilifurahi.

Najua watumishi wa umma wanaosoma hapa wametabasamu. Sisi sote tumewahi kujibana safarini ili tubakize chochote. Ila sisi si wa kwanza: mazoea haya ni ya kale kuliko serikali zetu, na historia yake imo ndani ya neno lenyewe tunalolitia saini.

Katika karne ya 19, posho ilikuwa riziki ya mpagazi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitegemea mabega ya watu, wengi wao Wanyamwezi, na kila mmoja alibeba mzigo wa takriban kilo 30 juu ya vitu vyake mwenyewe. Kipimo cha chakula cha mtu mmoja kwa siku kilikuwa kibaba cha nafaka, kiasi cha ratili moja na nusu. Richard Burton, aliyepita njia hiyo kuanzia mwaka 1857, alikiandika hivyo. Lakini nafaka ya miezi mingi haibebeki. Kwa hiyo mara nyingi posho ilitolewa kwa nguo, yaani merikani iliyotoka viwandani Marekani au kaniki, na pia kwa shanga, ili wapagazi wanunue chakula vijijini.

Hapo ndipo penye jambo. Mtu anayepewa nafaka huila. Mtu anayepewa shuka huanza kupiga hesabu: nile kiasi gani leo, nibakize kiasi gani? Wapagazi walipika kwa makundi, chungu kimoja kikilisha wengi, na walio wengi walibeba pia bidhaa zao ndogo, kama majembe au chumvi, za kuuza njiani. Wazungu waliowaongoza waliandika malalamiko mengi juu ya uvivu na ulafi wao. Mimi nikiyasoma maandishi hayo naona watu waliojua thamani ya kila mkono wa nguo, na walioifanya safari ya tajiri iwe pia safari yao. Posho ilikuwa haki iliyopatanwa. Ikichelewa au ikipunguzwa, wapagazi waligoma, wakatua mizigo, au wakatoroka usiku. Mwenye msafara aliyetaka kubana matumizi kupitia matumbo yao aliweza kuamka akiwa peke yake na marobota yake.

Vita Kuu ya Kwanza iliwanyima silaha hiyo. Waingereza waliandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, na aliyetoroka sasa alihesabiwa mhalifu. Mshahara ulipunguzwa ukafika rupia 5 kwa mwezi. Posho ikawa unga wa mahindi, mara nyingi ukipikwa nusunusu kwa uhaba wa kuni na muda, ukiliwa na watu ambao wengine kwao walizoea ndizi au mtama. Kuhara damu kuliua wengi kuliko risasi. Hata hesabu rasmi za wafu, ambazo wanahistoria wanaziona kuwa ndogo, zinapita 40,000 kwa wale wa Kenya peke yake. Baada ya vita, mishahara ya marehemu ambao jamaa zao hawakupatikana ilibaki mikononi mwa serikali, ingawa baadhi ya maafisa wa koloni waliomba itumike kwa manufaa ya Waafrika. Msomaji akipita Kariakoo, Dar es Salaam, au Kariokor, Nairobi, akumbuke kwamba majina hayo yametokana na kikosi hicho cha wapagazi. Katika safari ile kuna aliyebakiza fedha, wala hakuwa mpagazi.

Tangu hapo neno limegawanyika. Uganda, posho ni ugali wenyewe, chakula cha shule na magereza. Kenya limebaki kwenye mashine ya kusaga, posho mill, huku fedha za wakubwa zikiitwa marupurupu. Kwetu Tanzania chakula kimetoweka ndani ya neno, ikabaki fedha. Katika miaka ya 1980 mishahara iliporomoka thamani hadi haikumfikisha mtumishi katikati ya mwezi, na safari ikawa njia ya kuishi. Wafadhili walipoleta warsha na semina, waliukuta uwanja umekwisha kulimwa. Mwaka 2011, habari kwamba posho ya kikao ya mbunge ingepanda kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku zilizua ghadhabu, kwa sababu kila mtu alijua kwamba aliyekaa kikaoni alikuwa tayari analipwa mshahara kwa kukaa hapo.

Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza kama kubakiza posho ni wizi. Huwajibu kwamba sheria inataka uende, ufanye kazi, urudi. Haikulazimishi kulala kitanda cha bei fulani. Jibu hilo ni sahihi, na bado haliniridhishi. Mpagazi aliyebakiza shuka alijinyima yeye: njaa ilikuwa yake. Afisa anayebuni safari isiyohitajika, au anayesaini siku tano akakaa mbili, anabakiza kutoka kwa mtu mwingine. Mimi nilidhani niko upande wa mpagazi.

Usiku wa tatu kule Dodoma, binamu yangu aliniuliza, tukiwa mezani, “Kaka, siku hizi ofisi haziwalipii malazi?” Nikamjibu kwamba bajeti imebana. Akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia mkewe aniongezee mboga. Bahasha ilikuwa ndani ya begi, chini ya kochi nililolalia.