Nchi Iliyo Chini ya Bahari

Kwetu mto hupita bondeni, na shamba huwa juu yake. Lakini iko nchi ambayo mfereji hupita juu na ng'ombe hulisha chini, hata msafiri aliye chomboni huwatazama kama mtu aliye darini atazamavyo uani. Nchi hiyo ni Uholanzi, na yapata robo yake iko chini ya usawa wa bahari. Sisi rafiki wanne tulipita humo kwa mashua ya tanga wakati wa likizo, tukaona ya kuwa historia ya watu wale ni historia ya maji.

Tulitoka Amsterdam kwa kupita milango ya maji. Chombo huingia katikati ya milango miwili. Wa nyuma hufungwa, maji huongezwa au hupunguzwa mpaka yalingane na yale ya mbele, kisha wa mbele hufunguliwa. Tukatweka tanga, tukafika Hoorn, na baadaye Enkhuizen. Katika karne ya 17 miji hii miwili ilitajirika kwa uvuvi na kwa biashara ya mbali. Mwaka 1616 Willem Schouten, mzaliwa wa Hoorn, aliizunguka ncha ya kusini ya Amerika, na rasi ile ikapewa jina la mji wake.

Bahari iliyowatajirisha ndiyo iliyowaua. Ghuba ile, Zuiderzee, ilifurika mara nyingi, na mafuriko ya Januari 1916 yaliwafanya wakubwa wa nchi waukubali mpango wa mhandisi Cornelis Lely. Mwaka 1932 boma la urefu wa kilomita 32 liliufunga mlango wa ghuba. Maji ya chumvi yakawa ziwa la maji baridi, na nchi kavu mpya ikapatikana. Lakini wavuvi wengi walipoteza kazi yao. Usalama wa wengi ulilipiwa na wachache.

Tuliporudi tulifuata mfereji uizungukao Beemster. Hapo zamani palikuwa ziwa. Mwaka 1612 vinu vya upepo vilimaliza kuyatoa maji yake, pakawa mashamba. Kisha tukalaza mlingoti ili tupite chini ya madaraja, tukaenda Leiden.

Mwaka 1574 mji huo ulizingirwa na jeshi la Mfalme wa Hispania, watu wakafa kwa njaa na maradhi. Ndipo Willem van Oranje alipoamuru maboma yavunjwe. Mashamba yaliyolindwa kwa vizazi yakafunikwa na maji, hata tarehe 3 Oktoba mashua za chakula zikaufikia mji. Mwaka uliofuata mji ukapewa Chuo Kikuu.

Maboma hayo yalilindwaje? Zamani kila mwenye shamba alipewa kipande chake cha kutengeneza, na baraza la maji lilikuja kukagua. Mvivu mmoja aliweza kuwazamisha jirani zake wote, kwa hiyo aliadhibiwa. Mabaraza hayo yangalipo hata leo, na wajumbe wake huchaguliwa na watu. Wala kazi haijaisha: usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, bahari ilivunja maboma ya kusini-magharibi, wakafa watu 1,836. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Waholanzi wajua kwamba pengine hata wa kuujenga hatabaki.