Fimbo, Kisu na Upinde: Vifaa vya Kujikinga katika Historia ya Arua na Koboko

Utangulizi

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii huifundisha kila mwaka katika fasihi simulizi, na kila mwaka wanafunzi huieleza kwa maana ya msaada ulio mbali. Ni nadra mmoja wao kuuliza maana yake ya wazi: je, mtu anayesafiri kwa miguu abebe nini mkononi? Katika makala haya tunanuia kulichunguza swali hilo kihistoria, tukivilinganisha vifaa ambavyo watu wa Arua na Koboko wamevibeba ili kujikinga. Ndugu msomaji asidhani ni swali la mzaha. Wengi wetu wenye umri wa miaka arobaini na kitu tulizaliwa ukimbizini, au tulivushwa mpaka tukiwa mgongoni mwa mama zetu.

Vifaa vya wazee

Kabla ya utawala wa kikoloni, Walugbara hawakuwa na wafalme. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kati yao kuanzia 1949 hadi 1952, aliandika kuhusu jamii iliyoongozwa na wazee wa koo. Mahali pasipo na polisi, usalama wa mtu hutegemea ukoo wake na kile alichokishika. Walugbara walikuwa na mkuki, yaani aju, upinde, yaani osu, na kisu, yaani ili. Chuma kilifuliwa na wahunzi, na katika ufundi huo Waokebu walisifika kote West Nile.

Tukivipima vifaa hivi, kila kimoja kina sifa na dosari yake. Upinde humweka adui mbali, lakini unahitaji mikono miwili, uzi mkavu na nafasi. Katika nyasi ndefu, mtu akitokeza hatua mbili mbele yako, upinde hauna kazi tena. Mkuki humfaa msafiri, kwa kuwa njiani ni mkongojo na penye hatari ni silaha. Dosari yake ni kwamba haufichiki: atakayekuona nao anajua umekuja na nini. Kisu ni chepesi na kina kazi kila siku shambani na jikoni, ila hakifai mpaka adui awe amekwisha kukushika. Fimbo ndiyo inayoonekana dhaifu kuliko vyote, lakini ina sifa moja kubwa: ugomvi wa fimbo mara nyingi huisha kwa uvimbe, ilhali ugomvi wa mkuki huanzisha kisasi.

Jambo hili la mwisho lilijulikana vyema kwa majirani zetu. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake juu ya Wanuer cha mwaka 1940, alieleza kuwa watu wa kijiji kimoja walipigana kwa marungu, bali watu wa vijiji tofauti walipigana kwa mikuki. Maana yake ni kwamba silaha ilichaguliwa kwa kumtazama mtu uliyegombana naye, wala si kwa ukali wake peke yake.

Tukienda mashariki, tunakuta jawabu jingine. Waturkana na Wakaramojong walivaa kisu cha mkononi, nacho ni duara la chuma linalozunguka kifundo cha mkono kama bangili. Makali yake yako upande wa nje, na hufunikwa kwa ukanda wa ngozi wakati wa amani. Kifaa hiki hakianguki, ni vigumu kunyang'anywa, na vidole vinabaki huru kuchunga ng'ombe. Kule pwani na Omani kuna jambia, neno lenye asili ya Kiarabu, kutoka katika neno lenye maana ya ubavu. Jambia ni kile kikaacho ubavuni. Baada ya muda kikawa zaidi pambo la heshima kuliko silaha. Hapo tunaona kuwa kifaa hicho hicho chaweza kuhama kutoka kwenye kinga kwenda kwenye cheo.

Bunduki na maji

Mizani ya vifaa hivi ilivurugwa na bunduki. Eneo la Lado lilikuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi alipofariki Desemba 1909. Mwaka 1910 likakabidhiwa Sudan, na katika kipindi hicho cha mpito wawindaji wa ndovu waliingia kwa wingi na bunduki zao. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikaingizwa Uganda, naye A. E. Weatherhead akaanzisha utawala wa Waingereza mjini Arua.

Ngao na upinde vilipokuwa havitoshi tena, watu walitafuta kinga nyingine. Rembe, nabii wa Kikakwa, aliwapa watu maji ya Yakan. Aliyeyanywa aliamini kwamba risasi hazitamdhuru. Rembe alinyongwa Yei mwaka 1917, lakini imani ile haikunyongwa pamoja naye, na mwaka 1919 wafuasi wa Yakan walipambana na polisi karibu na Arua, watu wakapoteza maisha. Msomaji atakumbuka Vita vya Maji Maji vya Tanganyika, 1905 hadi 1907, na dawa ya Kinjikitile Ngwale. Tusiharakishe kuwacheka wazee hawa. Maji hayakuzuia risasi, lakini yaliwakusanya pamoja watu wa koo zilizokuwa zikipigana wenyewe kwa wenyewe. Kilichowatia serikali hofu ni mkusanyiko huo.

Panga

Chini ya ukoloni, bunduki zikawa za serikali, na vijana wengi wa West Nile wakazipata kwa njia moja tu: kuandikishwa katika Kikosi cha Bunduki cha Mfalme, yaani KAR, ambako pia walijifunza Kiswahili. Wengine walikwenda kukata miwa Lugazi na Kakira, na huko chombo chao kilikuwa panga. Panga ni kifaa chenye nyuso mbili. Mchana ni cha kazi, hakuna anayekiuliza. Usiku ni silaha, na kila mtu hukiogopa. Mama anayekwenda kuokota kuni hulibeba bila kusema ni la kukata matawi au la kujikinga, kwa sababu ni la yote mawili.

Miaka ya 1979 hadi 1981

Serikali ya Idi Amin, mzaliwa wa jamii ya Wakakwa wa Koboko, ilianguka Aprili 1979. Wanajeshi wa Tanzania walifika hadi Arua. Baadaye, mwaka 1980, askari wa zamani wa Amin walishambulia kutoka ng'ambo ya mpaka, na jeshi la UNLA likalipiza kisasi kwa raia. Watu kwa maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliwaua makumi ya watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua.

Hapa ulinganisho wetu unafika ukingoni. Mbele ya kikosi chenye bunduki, fimbo, kisu na panga vilikuwa sawa: havikufaa. Tena vilikuwa hatari kwa aliyevibeba, kwani askari aliyevikuta angeweza kumwita mwenyewe muasi. Waliosalimika, wengi wao, walisalimika kwa miguu na kwa ndugu waliokuwa ng'ambo, wanaosema Kikakwa au Kilugbara kama wao. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulikuwa umewagawa, lakini undugu ndio uliowapokea. Amani ya baadaye nayo haikuletwa na silaha ya mkononi. Kundi la UNRF II lilitia saini mkataba na serikali Yumbe tarehe 24 Desemba 2002.

Hali ya leo

Leo wanafunzi wetu hutuuliza wabebe nini wanapotoka maktaba usiku. Kwanza waijue sheria. Kanuni ya Adhabu ya Uganda inakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna inayotia watu hofu, na nguvu ya kujikinga hupimwa kwa kadiri ya hatari iliyopo. Atakayechomoa kisu kwa sababu ya tusi atajibu mahakamani. Pili, wakipime kifaa kwa maswali manne: Je, naweza kukishika upesi? Kinamzuia mtu akiwa mbali au mpaka anifikie? Nikinyang'anywa, kitanidhuru mimi? Na jirani akiniona nacho, atanikimbilia au atanikimbia?

Kwa maswali hayo kisu kinashindwa karibu mara zote. Tochi yenye mwanga mkali na filimbi vinafaulu vizuri zaidi, ingawa havina makali. Tochi humwonyesha adui kwamba ameonekana, na filimbi huwaita watu.

Hitimisho

Historia ya Arua na Koboko inatufundisha kwamba kifaa kidogo hakikumkinga mtu peke yake. Fimbo ilifaa kwa sababu koo zilikuwa na wazee wa kusuluhisha, na filimbi inafaa iwapo tu kuna anayeisikia akatoka nje. Kwa hiyo, anayejiuliza leo abebe nini, ajiulize pia: majirani zangu wananifahamu? Mimi nikisikia yowe usiku, huwa natoka?