Uingereza Mikononi mwa Wanormani

Tarehe 14 Oktoba 1066, karibu na Hastings, William, mtawala wa Normandie, alimshinda Harold, mfalme wa Uingereza. Pigano lilikuwa la siku moja; unyang'anyi wa mashamba uliendelea miaka mingi. Mwaka 1085 William aliamuru mali ya nchi iandikwe, hata majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Tukitazama kitabu hicho twaona mabwana wakubwa wa Kiingereza karibu wote wamekwisha kuondolewa. Maaskofu vilevile: mwaka 1087 mzaliwa wa nchi alisalia mmoja tu, Wulfstan wa Worcester.

Na lugha je? Mtawa Orderic, ambaye mama yake alikuwa Mwingereza, aliandika kwamba William alijaribu kujifunza Kiingereza ili asikie mashtaka ya watu pasipo mkalimani. Akashindwa.