Sauti Safi na Mizani ya Masikio



Katika lugha yetu ya Kiswahili, tukisema "mtoto huyu hasikii," maneno hayo yana maana mbili: ama masikio yake ni mabovu, ama ni mkaidi asiyetii. Aghlabu huchukuliwa maana ya pili, na mtoto akala bakora. Yafaa basi tujue vipi wataalamu walipata njia ya kuzitenga maana hizo mbili, kwani kumwadhibu mtu kwa jambo asiloliweza ni dhulma, na sheria yetu haimtwiki mtu mzigo uliomzidi.

Sauti nyingi tunazozisikia ni mchanganyiko. Sauti ya mtu asemaye, ya ngoma, au ya jogoo, ndani yake mna mitetemo mingi ya kasi mbalimbali, kama pilau ilivyo na bizari, mdalasini na iliki. Sikio lenye upungufu hudaka sehemu ya sauti hiyo, na akili ikabahatisha iliyobaki. Ndiyo maana kumwita mtu kwa nyuma akageuka si dalili ya kuwa anasikia sawasawa. Ama sauti safi ni ile yenye mtetemo wa kasi moja tu, kama mluzi mwembamba usiopanda wala kushuka. Hapo hapana pa kubahatisha: ama sikio limeisikia, ama halikuisikia.

Chombo cha mwanzo kilichotoa sauti iliyo karibu na usafi huo ni uma wa chuma wenye meno mawili. Aliyeubuni, mwaka 1711, ni John Shore, mpiga tarumbeta wa Kiingereza, naye hakuwafikiria wagonjwa. Alitaka kulinganishia ala za muziki. Mwaka 1834 Ernst Heinrich Weber wa Leipzig akaeleza kuwa uma ukigongwa na shina lake likawekwa kichwani, sauti hupita katika mfupa, na sikio lililozibwa ndilo huisikia zaidi. Wewe mwenyewe waweza kulijaribu hili: funga mdomo, vumisha sauti, kisha ziba sikio moja kwa kidole. Utaisikia sauti imehamia upande ulioziba.

Mwaka 1855 tabibu Heinrich Adolf Rinne wa Göttingen akaongeza jambo. Uma huwekwa kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio mpaka mgonjwa aseme sauti imekwisha, kisha huletwa mbele ya tundu la sikio. Mzima huisikia tena, kwani njia ya hewa ni bora kuliko ya mfupa. Asiyeisikia hewani ilhali aliisikia mfupani, basi huenda ila yake iko njiani, katika tundu au nyuma ya kiwambo, wala si katika sikio la ndani. Hiyo ni faida kubwa, maana nta hutolewa na usaha hutibiwa.

Wakati huo huo Wajerumani wengine walikuwa wakitafuta siri ya sikio lenyewe. Georg Ohm alisema mwaka 1843 kwamba sikio huichambua sauti ya mchanganyiko na kuigawa katika sauti safi zilizomo, na Hermann von Helmholtz akalieleza hilo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1863. Baadaye Georg von Békésy, mzaliwa wa Budapest, akaonyesha kuwa katika sikio la ndani, lililojikunja kama konokono, sauti nyembamba hutikisa karibu na mlango na sauti nene hutikisa mbali zaidi. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Tazama, ndugu yangu, ufundi wa Muumba katika kitu kidogo kama njegere!

Lakini uma ulikuwa na aibu yake: huyu huugonga kwa nguvu na yule kwa upole, na sauti hufifia upesi. Mizani isiyo na mawe sawa haipimi. Dawa ilipatikana kwa umeme. Mwaka 1922 tabibu Edmund Fowler na mtaalamu R. L. Wegel wa Marekani walileta mashine ya Western Electric 1-A, iliyotoa sauti safi kwa kiasi kinachojulikana. Mpaka leo njia ni hiyo hiyo: mtu huvalishwa visikizio, hupigiwa sauti moja moja, kwa kawaida kuanzia mitetemo 250 kwa sekunde hadi 8,000, na kila moja hupunguzwa mpaka ijulikane ile ndogo kabisa aisikiayo. Majibu huchorwa kwenye karatasi, na mstari ukionyesha penye upungufu.

Na hapa ndipo penye funzo letu. Wako watu wengi ambao mstari wao ni mzuri upande wa sauti nene na huporomoka upande wa sauti nyembamba. Mtoto wa namna hiyo ukimwita huitika, kwani irabu ni nene. Lakini sin, thaa na faa zimo katika sauti nyembamba. Kwake "thamani" na "samani" ni neno moja. Darasani ataambiwa mara kumi aitoe thaa mahali pake, naye ataikosa mara kumi, si kwa ukaidi bali kwa kuwa haijamfikia.

Kweli, kipimo hiki hakimalizi kila kitu. Kusikia sauti si kufahamu maneno, na tabibu hulijua hilo. Lakini ni mwanzo wa uadilifu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walimkusudia aliyesikia akapuuza. Basi enyi walimu na wazazi, mtoto akirudia kosa lile lile la matamshi, au akikutazama mdomo unaposema, mpelekeni hospitali apimwe masikio kabla ya kuinua fimbo. Masikio ni amana, na sisi tutaulizwa juu ya amana zetu, na kadhalika juu ya hukumu zetu.

Wallahu aalam.