Nywele Zilizorudi Ulaya

Ulaya hii haina theluji. Ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kwenye barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, na kila aliyezaliwa hapo amewahi kuchekwa mjini kwa kusema, bila utani, kwamba sikukuu anakwenda Ulaya kwa basi. Huko ndiko anakoishi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, dereva wa bodaboda. Mwezi wa pili alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za watoto akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mjomba, nikisokota dredi utasemaje?"

Asiyetoka kwetu atashangaa kwa nini hakumuuliza baba yake. Wasagara, kama walivyo jirani zao Wakaguru, Waluguru na Wavidunda, huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ana neno zito. Tena kulikuwa na jambo alilolificha nyuma ya swali: mwisho wa mwaka anataka kupeleka posa, na atakayekaa mkekani mbele ya wakwe ni mimi. Nywele ni zake. Aibu, kama ipo, tutagawana.

Nilimwambia anipe wiki moja. Methali ile ya akili na nywele nilikuwa nayo mdomoni nikaimeza, maana kila anayetaka kukwepa swali la nywele huikimbilia. Wiki imekuwa miezi, kwa sababu nilianza kusoma nikitafuta dredi za Jamaika, nikakutana na vichwa vya kwetu.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipita Usagara wakitafuta ziwa kubwa la bara. Kwenda walifuata bonde la Mto Mkondoa, huu huu unaopita Kilosa. Kurudi, mwaka 1859, walishika njia ya kusini zaidi. Burton aliandika kila alichokiona, kuanzia shanga na homa hadi matope, na hakuziacha nywele. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 anaeleza kwamba wapo Wasagara walionyoa, lakini mtindo uliowatambulisha ulikuwa mwingine kabisa. Nywele ziliachwa zikue mpaka zichoke zenyewe, zikagawanywa katika vishungi vyembamba visivyohesabika, kila kishungi nyuzi mbili zilizozungushwa pamoja. Nyuma ziliteremka kama pazia hadi shingoni. Mbele zilirudishwa nyuma au zilikatwa juu ya paji la uso. Zikapakwa ngeu, ule udongo mwekundu unaometameta, zikatiwa shanga na vijitufe vya shaba, na mwenye kichwa akigeuka zililia. Burton alizifananisha na nywele za Wamisri wa kale, halafu akaziita za kishenzi. Alikuwa mtu wa dharau, lakini macho yake yalikuwa makali. Nami nayachukua macho, dharau namwachia.

Nisidanganye hapa. Zile hazikuwa dredi. Dredi ni nywele zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe zikawa kamba moja, zisizofumuka tena. Za Wasagara zilisokotwa kwa mkono na huenda zilifumuliwa. Wala siwezi kuchora mstari kutoka kichwa cha babu wa babu yangu hadi kichwa cha mpwa wangu. Ninachoweza kusema ni kwamba mzee wa Ulaya anayedai mwanamume mwenye vishungi vya kuning'inia ni jambo la kuja hajui kilichokuwa kikipita hapa hapa Usagara anakouza mpunga wake.

Vishungi vile vilipotea lini? Hakuna tarehe. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa Mamboya kufikia mwaka 1880; Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Ilonga muongo huo huo. Reli ya Wajerumani iliingia Kilosa mwaka 1909, na nyuma yake yakaja mashamba ya mkonge na kambi za manamba. Wembe ulifuatana na daftari, kofia ya askari na foleni ya mshahara. Chawa walikuwa sababu ya kweli, lakini walibeba na mizigo isiyo yao: nywele fupi zikawa usafi, usafi ukawa ustaarabu, na mtoto wa shule akajua ameandikishwa pale kichwa kilipohisi baridi. Ukoloni umeondoka, wembe umebaki. Mpaka leo kijana wa kwetu hunyolewa anapoanza shule, hunyolewa tena akienda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na katikati ya hapo hunyolewa kwa mazoea.

Si kila mtu alinyoosha shingo. Kilosa ina wafugaji Waparakuyo, ambao mkulima huwaita Wamasai tu asijisumbue. Morani wa Kimasai hukuza nywele, huzisokota nyembamba kwa mafuta na ngeu, na katika sherehe ya eunoto, inayomfungulia njia ya utu uzima, mama yake mzazi humnyoa. Wanaume wale, mashujaa wa mikuki, wengine hutokwa machozi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilifanyika kampeni ya serikali huko Arusha ya kuwavika Wamasai suruali na kuwaachisha ngeu, ili taifa changa lisionekane limechelewa. Haikufika mbali. Kizazi hakijaisha, vijana hao hao wa Kimasai wakajaa Dar es Salaam na miji mingine, wamekaa kwenye viti vya plastiki kando ya barabara wakiwasuka akina dada wa mjini. Ujuzi uliotakiwa kufutwa ndio unaolipa kodi ya chumba. Sijui kama kuna kisasi kitamu kuliko hicho.

Lakini dredi zenyewe, kwa jina hilo, zilikuja kwa njia ya bahari, na safari yake ina mizunguko. Tarehe 2 Novemba 1930, Ras Tafari Makonnen alitawazwa Addis Ababa kuwa Mfalme Haile Selassie. Neno "ras" la Kiamhari maana yake kichwa, na ni ndugu wa lile la Kiarabu lililotupa rasi ya baharini na rasilimali, yaani kichwa cha mali. Maskini wa Jamaika waliomwona mfalme yule kuwa mkombozi wao wakajiita kwa jina lake la awali. Kwa hiyo kila kinyozi wa Mikumi anayesema "rasta" anasema kichwa bila kujua.

Nywele za Warastafari zilitoka wapi? Wanahistoria hawajakubaliana. Kuna wanaotaja nadhiri ya Mnadhiri katika kitabu cha Hesabu, Samsoni na vishungi vyake saba. Wengine wanataja watawa wa Kihindu waliofika visiwani na vibarua kutoka India. Na wengine wanasema vijana wa Kingston walipata mfano kutoka picha za magazetini za wapiganaji wa Mau Mau, waliokaa msituni Kenya tangu 1952 bila wembe wala kitana. Picha ya Dedan Kimathi, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957, akiwa na vishungi vyake, haijawahi kufutika. Kama hoja hiyo ina ukweli hata nusu, basi nywele zilitoka mlima wa Afrika Mashariki zikavuka bahari mbili, zikarudi kwetu ndani ya kaseti za Bob Marley, na tukazipokea kama mgeni.

Field Marshal Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepigana msituni na Kimathi, hakukata zake hata vita vilipokwisha. Alisubiri matunda ya uhuru aliyoyapigania. Tarehe 2 Aprili 2022, baada ya miaka kama sabini, zikakatwa huko Nyeri na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa Kenya. Mwaka uliofuata Muthoni akafariki. Sina hakika kama alikuwa ameyaona matunda yale au alichoka kusubiri.

Tanzania nayo ina mwezi wake wa ajabu: Oktoba 1968. Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ilipiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kung'arisha ngozi na suruali za kubana. Mwezi huo huo serikali ya Jamaika ilimzuia Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa amefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, asiingie tena nchini humo. Miongoni mwa makosa yake ilikuwa kukaa chini na Warastafari wa vitongoji vya Kingston na kuzungumza nao historia ya Afrika. Rodney akarudi Dar es Salaam mwaka 1969, mji ambao vijana wa chama walikuwa wakikagua vichwa vya akina dada. Kisha miaka ya 1970 na 1980 Warastafari wenyewe wakaanza kuja kutoka Jamaika na Uingereza, wakiamini kwamba nchi ya Nyerere ni mahali pa kurudi. Monique Bedasse ameisimulia safari yao katika kitabu chake Jah Kingdom cha mwaka 2017. Waliijia Afrika wakakuta Waafrika wanawauliza kwa nini hawachani.

Muziki ndio uliofungua mlango. Jah Kimbuteh na bendi yake ya Roots and Culture, kisha Justin Kalikawe wa Bukoba, waliifanya rege iimbe Kiswahili. Huku kwetu hatuna haki ya kujifanya tunaogopa sanaa ya vijana: mwaka 2015 jimbo la Mikumi, Ulaya ikiwamo, lilimpeleka bungeni Joseph Haule, ambaye redio zote zinamjua kwa jina la Professor Jay.

Hata hivyo mpwa wangu hakuniuliza habari za bunge. Aliuliza habari za wakwe, na familia zetu zina Waislamu na Wakristo chini ya paa moja, kwa hiyo hoja nilizipata kutoka pande zote. Shemeji mmoja alinitajia Paulo na Wakorintho, kwamba nywele ndefu ni aibu kwa mwanamume. Nikamtajia Samsoni, akasema Samsoni mwisho wake ulikuwaje. Ustadhi jirani alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia. Alinikumbusha hadithi ya Ummu Hani, kwamba Mtume aliingia Makka nywele zake zikiwa katika misuko minne, na kuwa jambo la kuangalia ni josho, maji yafike kwenye ngozi. Kenya suala kama hilo lilifika mahakamani: Januari 2019 msichana wa kidato cha kwanza alirudishwa nyumbani na shule moja ya Nairobi kwa sababu ya rasta zake, na Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba shule ilivunja haki zake. Malawi iliamua hivyo mwaka 2023. Mkwe mtarajiwa wa Kilosa, hata hivyo, hasomi hukumu.

Nikamweleza mpwa wangu na yale ambayo saluni huwa hayasemwi siku ya kwanza. Nywele hukua sentimita moja na kitu kwa mwezi, kwa hiyo pazia la Burton ni kazi ya miaka. Miezi ya mwanzo atafanana na mtu aliyelala porini. Kila siku nywele kadhaa hung'oka kichwani mwa kila binadamu. Zake hazitaanguka, zitabaki ndani ya kamba, na ndiyo maana dredi huwa nene na nzito. Zikilowa lazima zikauke mpaka ndani, la sivyo zitanuka ukungu, na helmeti ya bodaboda wakati wa masika haisaidii. Akivuta sana kwenye mizizi, paji la uso litaanza kusogea nyuma. Na siku akibadili nia, mkasi.

Pasaka nilikwenda Ulaya kwa basi. Jioni tuliketi uani kwa dada, nikarudia haya yote, Burton na Kimathi na Rodney, kijana ananisikiliza kwa heshima huku akitazama simu. Mama yangu, bibi yake, alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele. Sikudhani anasikia. Aliweka ungo chini, akamwita mjukuu wake aje akae mkekani mbele yake, akampapasa kisogo kama anayechagua nyanya. Akashika nywele chache, akazigawa mara mbili, akazizungusha moja juu ya nyingine, haraka, vidole vikijua njia. Kishungi kilisimama kidogo, kikafumuka.

"Bado fupi," akasema, akachukua ungo wake.