Kutoka Wabenzi hadi Crown: gari kubwa na maneno ya watu

Wadau, leo tuweke pembeni siasa za wiki tuongee kuhusu gari. Si gari lolote, bali lile kubwa la kifahari, milango minne na buti refu, ambalo likikatiza Tandika au Mwananyamala hata muuza mihogo ananyanyua shingo. Hoja yangu ni hii: Watanzania tumelisema gari hilo kwa zaidi ya miaka 60, ila kilichobadilika ni kile tunachokisema. Zamani tulimjadili mwenye gari. Siku hizi tunajadili shoo na taa.

Tuanze mbali kidogo. Ukienda Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert utaikuta Rolls-Royce iliyombeba gavana wa Mwingereza na baadaye Mwalimu Nyerere. Bodi ni ile ile, aliyekaa kiti cha nyuma ndiye aliyebadilika. Baada ya Uhuru wa 1961 ikawa hivyo hivyo maofisini: viti vya wazungu vikakaliwa na wenzetu, na pamoja na viti zikaja Mercedes-Benz. Mtaa haukukawia, ukatunga jina: Wabenzi, kana kwamba Afrika Mashariki imepata kabila jipya. Liangalie vizuri neno hilo. Halisemi gari ni zuri au baya. Linauliza: huyu kalipata wapi?

Swali hilo likafika juu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima. Mwalimu akawarudisha nyumbani karibu 400, lakini papo hapo akakiri kwamba mishahara ya wakubwa, pamoja na wake, ni mikubwa mno, akaupunguza wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi: hakuna mishahara miwili, hakuna hisa katika kampuni za kibepari, hakuna nyumba za kupangisha. Kwa hiyo lile neno la kijiweni halikuwa wivu mtupu. Lilikwenda sambamba na sera ya nchi.

Halafu upepo ukageuka. Mwaka 1984, maduka yakiwa matupu, serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo zimetoka wapi. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa. Mimi naona hapa ndipo penye kona ya historia yetu. Swali la "umepata wapi" liliondolewa forodhani kwanza, kabla halijaondoka mtaani.

Mwaka 1991 ndio unaonichekesha zaidi. Februari ya mwaka huo Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Arusha. Mwezi uliofuata, kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, Mercedes-Benz ikazindua S-Class mpya, ile W140. Wajerumani wenyewe wakaja juu. Gari kubwa mno, zito mno, karibu tani mbili, linaonyesha kiburi wakati watu wanaongelea mazingira. Kiwanda kikasikia, na mrithi wake wa 1998 akatoka mdogo na mwepesi zaidi. Yaani mwaka ule ule Wajerumani walilalamikia ukubwa wa gari, sisi tulikuwa tunawafungulia wakubwa wetu mlango. Baadaye wakubwa hao wakahamia kwenye Land Cruiser, mtaa ukaipa jina la shangingi, na lawama zikahama nayo. Gari refu la chini likabaki bila kesi.

Hapo ndipo Crown ilipojipenyeza. Toyota wanaitengeneza tangu 1955, na kwao Japani lilikuwa gari la mabosi na watu wazima. Mwaka 1971 walijaribu kuipa sura ya mviringo. Wajapani wakaibatiza "Nyangumi", wateja wakakimbilia Cedric ya Nissan, na mwaka 1974 Toyota ikarudi kwenye pembe za mraba. Desemba 2003 wakaibadilisha tena, safari hii mpaka injini, wakaacha ile ya silinda sita za mstari na kuweka V6. Ilipofika Desemba 2012 Crown Athlete ikatoka na shoo kubwa yenye mchoro kama radi. Kuna waliopenda na kuna waliosema imeharibiwa.

Sisi hatukuulizwa. Tanzania tunaendesha kushoto kama Wajapani, kwa hiyo wanachokichoka wao ndicho kinachopanda meli. Maoni yetu huchelewa miaka kumi hivi, na yakifika hukuta mzigo mwingine. Ushuru wa bidhaa kwa gari la zaidi ya cc 2000 umekuwa asilimia 10 kwa miaka mingi, wakati kati ya 1000 na 2000 ni asilimia 5. Mark II GX110 ya cc 1988 inapita chini ya mstari, Crown ya cc 2499 inapita juu. Ongeza ushuru wa gari kuukuu, ndipo utaelewa kwa nini dalali anaanza na cc kabla hujauliza rangi.

Kazi yangu inanizungusha sana Temeke na Kinondoni, na nimewasikia watu wa aina tatu. Vijana wanataka shoo mpya na taa kali, na ukitaja Crown wanauliza kwanza ni namba D au E. Mafundi wao hawana habari na sura. Wanauliza gari liko chini kiasi gani, maana matuta ya Mbagala na barabara za vumbi hazijui radi wala nyangumi. Wazee wanalitazama likipita, wanatikisa kichwa, halafu wanauliza lile swali la 1966. Wanajibiwa kwamba wana wivu.

Sitaki kuwaonea wenye Crown. Wengi ni watu wa biashara zao, wamehangaika, na siku hizi gari hilo si la waziri tena. Hilo ni jambo jema, kabila la Wabenzi limefunguliwa milango. Lakini swali la wazee si wivu. Ndilo lililowahi kumfanya rais akate mshahara wake mwenyewe. Mwaka 2022 Toyota waliibadilisha Crown tena, wakaanza na ile iliyonyanyuka juu kidogo, na siku moja itashuka bandarini tuanze kubishana kuhusu sura yake. Tubishane, ni haki yetu. Ila akishuka ndani yake mtu anayelipwa kwa kodi zetu, tusiishie kwenye shoo.

Nawasilisha.